Baiskeli Isiyo na Safari

Nyangoto,
8 Desemba 2024

Kwako Bibi Mokami,

Shikamoo Bibi. Huku kwetu tu wazima, ukiacha Mama mwenye mafua na Baba anayesema hana mafua huku akipiga chafya. Mvua imenyesha vizuri. Mahindi yamenifika magotini, ila unavyojua urefu wangu, usifurahi mapema.

Mtihani wa kidato cha nne nimemaliza. Watu wakiniuliza ulikuwaje, nasema "mzuri", kisha nakimbilia jikoni kama kuna kitu kinaungua. Juzi Baba alipata mgeni, nikajificha nyuma ya ghala la mahindi hadi chai ikaisha. Mgeni alikuja na mtoto wa miaka saba. Mtoto huyo alisalimia nyumba nzima bila kusaidiwa na mtu. Mama aliniambia hayo mara tatu, na mara ya tatu hakuwa anatania.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nakuandikia barua kwa sababu sina simu, na simu ya Mama huongelewa kwa sauti ya juu ili nyumba nzima isikie. Baba akiwa ndani, habari zako hazisemeki. Akisikia jina lako tu hukaa wima kwenye kiti, kama vile umeingia mlangoni.

Jumanne mlipoongea na Mama, Baba alikuwa dukani. Mama alikata simu akabaki ameshika mfuniko wa sufuria.

"Bibi yako amenunua baiskeli," akasema.

"Ya nani?"

"Ya kwake."

"Ya kubebea nini?"

"Hapo ndipo sikuelewa."

Bibi, naomba unieleze. Ni ya kubebea nini? Barua hii nampa Amos, utingo wa gari la Mugumu, ambaye hupita dukani kwa Baba. Nilizunguka gari mara mbili kabla ya kumkabidhi. Akaniuliza kama ninauza mayai.

Mjukuu wako,
Elieth Waitara


Morotonga,
21 Desemba 2024

Kwako mke mwenzangu Elieth,

Marahaba. Nakuita hivyo kwa sababu marehemu babu yako alikuita mke wake tangu ukiwa na siku nane, na mimi sijawahi kukutaliki. Huku ni wazima. Ng'ombe wa jirani ameingia tena kwenye mihogo yangu, na jirani amesema tena si ng'ombe wake.

Mume wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na baiskeli kubwa nyeusi, na miaka yote nilikaa nyuma kwenye keria, miguu upande mmoja, nikitazama mashamba ya watu yakipita. Nikajiambia siku moja nami nitakaa mbele. Sikufikiri siku hiyo ingenikuta na miaka sitini na nne.

Unajua nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mitano. Nimewaambia watu wa wilaya hii wote, "Fanyeni mazoezi, viungo visigande." Mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia nikiwa nimekaa. Nilipostaafu, magoti yakagoma. Nikaenda kwa daktari, kijana niliyemfundisha kufunga bandeji, akaniangalia akasema, "Mama, unajua ninachotaka kukuambia." Nikasema najua. Tukaagana.

Basi nikanunua baiskeli ya kike, ya bluu, yenye kikapu mbele. Nikajifunzia kwenye uwanja wa mpira wa shule wakati wa likizo. Rafiki yangu Bernadetha alinishika nyuma. Yeye anasema alinishika, mimi nasema alining'inia. Siku ya kwanza niligonga goli. Goli halikuwa limejificha, mke mwenzangu. Lilikuwa peke yake kwenye uwanja mzima.

Sasa naweza. Kila Jumamosi asubuhi mimi na Bernadetha tunaingia Mugumu mjini, tunazunguka barabara ya lami, tunapita sokoni, tunarudi. Yeye ana ya mtoto wake, ndefu mno, hashuki hadi apate ukuta wa kuegemea.

Umeuliza ni ya kubebea nini. Haibebi kitu. Hilo ndilo lililonipa shida. Hapa kwetu baiskeli ni ya mkaa, ya ndizi, ya gunia la mahindi. Watu wakiniona mimi, muuguzi, nimepanda, wanasimama. "Mama, nani anaumwa?" Mzee mmoja alinifuata kwa miguu hadi sokoni akitaka kujua nani amefariki. Alinifikia bila kukimbia. Nilipomwambia natembea tu, alisikitika, nadhani alikuwa ameshaanza kujiandaa.

Kwa hiyo sasa naweka dumu tupu la mafuta kwenye kikapu. Nikiulizwa nasema naenda kununua mafuta. Mtumishi wa afya mstaafu, mzee wa kanisa, nadanganya mji mzima kwa dumu.

Lakini nikishuka ule mteremko wa kuelekea sokoni, upepo ukanipiga usoni, mimi nina miaka kumi na minane kama wewe, na wewe huko unajificha nyuma ya ghala.

Baba yako usimwambie. Ni mkwe mwema. Tangu amuoe mama yako hatujawahi kula chumba kimoja wala kutazamana usoni, na heshima hiyo ndiyo imetuweka bila neno baya hata moja. Mama mkwe na baiskeli ni vitu viwili visivyokaa pamoja mbele ya macho yake. Mugumu anakuja mara moja kwa mwezi kuchukua vipuri vya pikipiki, na najua hukaa stendi.

Mke mwenzako,
Mokami


Nyangoto,
19 Januari 2025

Kwako Bibi,

Shikamoo. Krismasi ilikuwa nzuri, tulichinja jogoo yule mkali. Mama amepona mafua. Matokeo bado, na mimi nimeacha kula vizuri, ingawa Mama anasema haoni tofauti kwenye ugali.

Nilipata barua yako nikaisoma nyuma ya ghala. Nilicheka peke yangu, mbuzi wakanishangaa. Sikumwambia Baba. Nataka ujue hivyo kabla hujasoma yanayofuata.

Jumamosi ya tarehe 11 Baba alikwenda Mugumu. Alirudi na tope hadi kiunoni na kifundo cha mkono kimevimba. Mama akamuuliza nini, akasema aliteleza akishuka kwenye gari. Mama akamuuliza kama gari lilisimama kwenye mto. Aliomba maji ya moto, akaukanda mkono mwenyewe.

Siku ya pili akaniuliza, akiwa anatazama dirishani, "Bibi yako ana miaka mingapi?"

Nikamwambia.

"Sitini na nne," akarudia, na akatoka nje.

Jana ameniita na kalamu. Alisema kuna ujumbe ufike kwako, na yeye hawezi kukuambia wala kumtuma Mama, na mimi ndiye mwenye mwandiko. Alisimama mlangoni amenipa mgongo. Nakuandikia kama alivyosema, maana ndivyo alivyoniamuru.

"Andika: Mama, kuhusu kile chombo."

"Chombo gani, Baba?"

"Andika chombo. Ataelewa. Andika: sisi tunakuheshimu sana. Kwa hiyo tunaona si vizuri mama mtu mzima kukaa... kukaa..." Akakuna kisogo. "Andika kukaa."

"Kukaa vipi?"

"Kukaa tu. Weka nukta."

Kwa hiyo Bibi, ujumbe wa Baba ni huu: si vizuri mama mtu mzima kukaa. Anaomba chombo kipumzike. Amesema kama ukikubali umfanyie wema huo, hatasahau.

Nilitaka kumwambia kitu, Bibi. Nilikuwa nacho hapa mdomoni. Badala yake nikamuuliza kama niweke tarehe juu au chini.

Je, mlikutana?

Mjukuu wako,
Elieth


Morotonga,
2 Februari 2025

Kwako Elieth,

Marahaba. Nimesikia matokeo yametoka na kwamba umepata daraja la pili. Nimefurahi mpaka nikamwambia yule jirani mwenye ng'ombe. Mungu akulinde.

Mihogo imeharibika nusu. Bernadetha mzima. Hupita kwangu Jumamosi, anaegemea geti langu dakika mbili, halafu anaendelea peke yake.

Umeuliza kama tulikutana na baba yako. Mvua huku ni za kutosha.

Mwambie mkwe wangu nimesikia na nimekubali. Chombo nimekitundika stoo, kwenye msumari wa jembe. Hakuna ubaya wowote. Alikuwa na haki ya kusema, na amesema kwa adabu kupita watoto niliowazaa. Mimi ndiye mwanamke mzima niliyekwenda kuchezea barabarani mambo ya watoto. Kesho nani angenizuia nisiruke kamba?

Ile fimbo ya marehemu mume wetu nimeitoa juu ya kabati. Inanifaa, urefu wetu haukupishana sana.

Goti la kushoto nililichubua kidogo mwezi uliopita. Nilianguka.

Mokami


Nyangoto,
23 Februari 2025

Kwako Bibi yangu,

Shikamoo. Sote wazima. Mbuzi mmoja amezaa pacha. Mama anakusalimu, anasema shuka ulizoagiza atazituma.

Barua yako imekaa kwa Amos siku kumi na tano kwa sababu gari lilikuwa gereji. Aliileta Jumatano iliyopita. Baba hakuwepo dukani, nilikuwa nimekaa mimi, yaani nilikuwa nimekaa nikiomba mteja asije. Amos akanipa barua, akaanza kucheka, akaacha, akacheka tena. Akaniambia, "Wewe hujui habari ya mtaroni?"

Kwa hiyo Bibi, nimejua. Nisamehe. Sikuuliza, alisema mwenyewe, na mimi unavyojua kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza.

Amesema siku ile Baba alitoka stendi akaingia ile barabara ya lami kutafuta duka la plagi za pikipiki. Wewe ulikuwa unateremka. Baba akainua macho akamwona mama mkwe wake juu ya baiskeli, anakuja. Akafanya kama mtu wa heshima anavyopaswa kufanya: akatoka barabarani. Pembeni kulikuwa na mtaro, akaruka ndani. Wewe nawe ukamwona mkwe wako. Ukafanya kama mama wa heshima anavyopaswa kufanya: ukatoka barabarani. Upande uleule.

Amos anasema alipofika mlikuwa mmekaa mtaroni, matope hadi kiunoni, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Baiskeli ikiwa katikati, gurudumu linazunguka. Na mlikuwa mnasalimiana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo mama. Ng'ombe wazima?"

"Wazima baba."

Anasema Baba alikataa kutolewa kwanza kwa sababu wewe ni mkubwa, na wewe ulikataa kutolewa kwanza kwa sababu angekuona ukipanda. Hatimaye Bernadetha, ambaye alikuwa ameshikilia ukuta ng'ambo akiwa bado juu ya baiskeli, akapiga kelele kwamba Baba afumbe macho. Baba akafumba. Alipotolewa, alikuwa bado amefumba, na hivyo ndivyo alivyojikwaa akaumia kifundo.

Nilicheka, Bibi. Kisha nikafungua barua yako nikasoma habari ya fimbo, nikaacha kucheka. Ile barua ya kukuzuia niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri ambao walimu walikuwa wanausifu. Hata "si vizuri" niliipigia mstari kwa rula.

Siku tatu nikafanya mazoezi ya kumwambia Baba. Nilifanyia mbuzi. Yule aliyezaa alinisikiliza hadi mwisho, wengine waliondoka. Jana jioni Baba alikuwa anapanga plagi kwenye rafu, amenipa mgongo. Nikaona mgongo nauweza.

"Baba, Bibi ameacha baiskeli."

"Mm."

"Anatembelea fimbo."

Akasimama na plagi mkononi. "Amelalamika?"

"Hapana. Ameandika kwamba fimbo ya Babu inamfaa."

Akaendelea kupanga. Kisha akauliza, "Kwani alikuwa anakwenda wapi?"

"Hakuna mahali, Baba. Alikuwa anazunguka. Magoti yalikuwa yamepungua kuuma."

"Anazunguka tu."

"Ndiyo."

"Kwa kasi?"

"Amos anasema siku moja kuku walimpita."

Mabega yake yakatikisika. Sijui kama alikuwa anacheka, maana hakugeuka, na mimi sikuwa na nguvu ya kwenda mbele kuangalia.

"Mimi sina mdomo wa kumwambia mama mkwe apande au asipande," akasema. "Hata ule ujumbe sikuutuma vizuri. Lakini Mugumu si lazima niende Jumamosi. Naweza kwenda Jumatano."

"Nimwandikie hivyo?"

"Usimwandikie nimesema mimi. Mwandikie kwamba... mwandikie vile utakavyoona."

Bibi, nimekaa na kalamu saa nzima nikitafuta namna ya kukuambia bila kukuambia. Nimeshindwa. Amesema yeye. Jumatano hii tarehe 26 ndiyo anaanza. Jumamosi zote ni zako. Tafadhali toa baiskeli kwenye msumari.

Na jambo moja la mwisho. Mama anasema kabla shule za kidato cha tano hazijafunguliwa ninaweza kuja kwako. Sijui kuendesha baiskeli. Naogopa zaidi kuangaliwa nikianguka kuliko kuanguka kwenyewe. Lakini nimesikia huko kuna goli ambalo limeshazoea.

Mjukuu wako,
Elieth


Morotonga,
2 Machi 2025

Kwako mke mwenzangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ule mgongo ulioongea nao. Huku ni wazima. Ng'ombe wa jirani amekamatwa ndani ya mihogo yangu, mihogo ikiwa mdomoni. Jirani amesema ng'ombe huyo anafanana na wake.

Barua yako imenifikia Ijumaa. Ingefika Jumanne ningekuwa na habari fupi zaidi ya kukuandikia.

Chombo kilikaa kwenye msumari wiki tatu. Kila nikienda kuchukua jembe ninakutana nacho. Nikaanza kufikiri. Mkwe wangu amekatazwa na heshima kuniona, heshima haijanikataza mimi kuwepo. Anakuja Mugumu Jumamosi. Basi mimi nikitoka siku nyingine, siku ambayo hata kwa bahati mbaya hawezi kuja, nani nimemkosea? Nikachagua siku hiyo kwa makini sana. Nikachagua Jumatano.

Umeshaelewa. Ndivyo tulivyo mimi na baba yako. Kila mmoja anampisha mwenzake, na tunapishana kuelekea upande mmoja.

Nilikuwa peke yangu, Bernadetha alikuwa kwa mwanawe. Nimepita soko, nimeingia mtaa wa maduka, pale ambapo mitaro yote imefunikwa kwa zege. Akatokea dukani, tairi la pikipiki begani. Tukaonana wakati mmoja.

Hakukuwa na mtaro. Nilimwona akiutafuta. Akatazama kushoto, akatazama kulia, mwisho akageukia ukuta uliokuwa karibu. Ulikuwa ukuta wa saluni ya kike, umechorwa mitindo ya nywele. Akasimama hapo, tairi begani, anatazama mabutu na twende kilioni kama mtu anayechagua mtindo atakaosukwa. Msichana wa saluni akatoka akamwambia, "Karibu baba." Mkwe wangu akalihamishia tairi bega la pili.

Mimi nami nikawa na shida yangu. Kusimama sikuweza, maana kusimama ni kushuka, na kushuka ni kuinua mguu mbele ya mkwe, na huo mguu ndio ulioanzisha yote haya. Ikabidi niendelee. Na mwendo wangu umeshaambiwa na Amos. Ule ukuta una hatua kama kumi na tano. Niliupita kwa muda ambao mtu angeweza kusukwa kweli. Watu walisimama. Muuza karanga aliacha kukaanga. Wote wanatujua, wote wanajua yule ni nani wangu, na hakuna aliyecheka, walikuwa wanangoja tu kuona adabu itaishia wapi.

Nikasema, "Hamjambo nyumbani, baba?" Nilisema nikitazama mbele.

"Hatujambo mama. Shikamoo." Aliuambia ukuta.

"Marahaba."

Nikadhani yameisha. Nilikuwa nimeshampita, nimeanza kuvuta pumzi, nikasema moyoni kesho narudisha chombo kwenye msumari na safari hii nauza kabisa. Ndipo nikasikia sauti yake nyuma yangu, si kubwa, bado imeelekea ukutani.

"Nenda taratibu mama. Hapo mbele wamemwaga kokoto, shika upande wa kulia."

Tangu amuoe mama yako hajawahi kuniambia maneno mengi hivyo.

Nikashika upande wa kulia. Kokoto zilikuwepo kweli, rundo kubwa, na mimi kwa macho yangu yasiyoona mbali ningeziona nikiwa nimeshalala juu yake.

Njoo Jumapili ijayo. Uje na suruali.

Mke mwenzako,
Mokami